Kengele ya Shemeji

Généreuse alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Alivua viatu mlangoni, akavipanga kimoja kando ya kingine, kisha akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti la kazi. Aliweka mikono yake miwili juu ya meza akaitazama, kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyemwachia aitunze.

Mumewe, Omollo, alikuwa akifanya kazi ya ofisi nyumbani siku hiyo. Kompyuta aliiweka juu ya meza ya pasi, kwa sababu nyumba yao ya Doonside, huku ughaibuni, haikuwa na nafasi ya meza nyingine. Alichungulia mlangoni.

"Mama Belyse? Si leo unatoka jioni?"

"Nimetoka."

"Kuna nini?"

"Mama Maureen, ule mzee namutunza, ameanguka. Ambulensi imemubeba. Mguu wake ulikuwa umegeuka hivi." Akaonyesha kwa kiganja, kisha akakirudisha mahali pake.

Omollo alijaza birika maji akaliwasha. Yeye ni wa Kisumu na mkewe wa Uvira, na mambo mengi walilelewa tofauti, lakini hili la kutenga chai kabla ya kuuliza zaidi walikuwa nalo wote wawili.

"Ilikuwaje?"

"Dawa yake ilichelewa. Unajua ile ugonjwa yake. Dawa ikichelewa kidogo, mwili unakuwa sawa mbao. Aliniuliza, 'Darling, isn't it time?' Nikaangalia simu, simu iko nasema bado dakika arobaini. Nikamuambia bado. Akaniuliza tena. Nikaangalia tena, iko nasema bado. Nikamuambia, bado kidogo mama, tuvumilie. Nikaenda kuanika mashuka yake inje. Njo pale akataka kwenda choo yeye mwenyewe."

"Na kengele?"

"Haikulia."

"Haikulia kabisa?"

"Baba Belyse, ingelia, mimi ningekuwa hapa?"

Birika lilianza kuchemka, naye Omollo alibaki ameshika vikombe viwili vitupu.

Kengele hiyo aliiandika yeye. Kampuni ndogo aliyofanyia kazi ilitengeneza ukurasa wa mtandao ambao wahudumu wa wazee huufungua kwenye simu zao wenyewe. Mhudumu akishampa mgonjwa dawa anabonyeza, na ukurasa unaanza kuhesabu dakika kuelekea dawa inayofuata. Zikiisha, simu inalia. Ofisi ya kina Généreuse ilipoununua ukurasa huo, yeye aliwaambia wenzake wote, "Ile ni kazi ya bwana yangu." Tangu hapo wanawake wa kazini, Wakongo kwa Wakenya, wakaiita kengele ya shemeji. Mtu akisikia simu yake, alisema, "Shemeji ananiita," akainuka na glasi ya maji.

Zamani kulikuwa na karatasi ya saa za dawa kwenye friji ya Maureen. Iliondolewa. Daktari alikuwa akibadilisha saa mara kwa mara, na kuna siku wahudumu wawili walimpa mgonjwa mmoja dawa ileile mara mbili. Ofisi ikatoa amri: asitoe mtu dawa mpaka kengele ilie.

Belyse alirudi kutoka shule akakuta wazazi wake wote wawili jikoni.

"Mum, why are you home?"

"Nimerudi mapema, mama."

"Cool. Can we have noodles?"

Généreuse akainuka akampikia mtoto tambi, koti la kazi likiwa bado mwilini.

* * *

Waceke, msimamizi wake, alipiga simu kesho yake. Alikuwa Mkenya, mtu wa haraka, lakini siku hiyo hakuwa na haraka.

"Mama Belyse, umekula?"

"Nimekula," akasema Généreuse, ambaye hakuwa amekula.

"Sikiza, dada. Niko na mtu wa ofisi hapa kando. Nitakuambia kwa Kiswahili kwanza ndio isikushtue, halafu nitarudia kwa Kizungu vile wanataka. Maureen amefanyiwa operesheni ya nyonga. Yuko sawa, anaongea. Lakini wewe wamekusimamisha mpaka kikao. Usiende kwa mteja yeyote. Funguo za kwa Maureen uzirudishe, na zile shati za kazi pia."

"Shati?"

"Ndiyo utaratibu. Zikiwa zimefuliwa. Pole sana."

"Waceke, kengele haikulia."

Waceke alishusha sauti. "Wanasema za wengine zote zililia hiyo siku. Chebet ako na mteja kama wako, yake ililia. Ndio wanauliza, kwa nini yako pekee?"

Généreuse alifikiri. Alikuwa mtu wa kujitafutia kosa kabla hajamtafutia mwingine. "Labda ililia," akasema polepole. "Labda mimi njo sikusikia."

"Usiseme hivyo sasa. Ngoja kikao."

Kisha sauti ya Waceke ikabadilika. Ikawa Kiingereza, ikawa ya mtu anayesoma, na Généreuse akawa anaitikia yes, yes, I understand, kama anavyoitikia mtu aliyekaa kwenye kiti cha daktari wa meno.

Alifua mashati yale matatu kwa mkono ingawa mashine ilikuwa nzima. Yalipokauka akamwomba mumewe aondoe kompyuta kwenye meza ya pasi. Omollo aliiondoa akaiweka kitandani, akabaki amesimama mlangoni akimtazama mkewe anavyonyoosha kola za mashati ambayo hangeyavaa.

"Nipe simu yako niangalie," akasema.

Ilikuwa simu ya zamani. Ilikuwa yake kwanza. Kazini walipompa mpya, ile ya zamani akampa mkewe, kama inavyofanyika nyumba nyingi. Aliufungua ukurasa wa kengele akaupangia muda mfupi.

"Sasa fanya kama ulivyofanya siku ile. Kila kitu."

"Kila kitu namna gani?"

"Ulipobonyeza, ulifanya nini baadaye?"

Généreuse aliweka pasi chini. Alichukua kisikilizio kimoja akakitia sikio la kushoto, akafungua WhatsApp. "Nikaingia kwenye chaîne," akasema. Sauti ya mwanamke mmoja akiomba ilitoka, nyembamba, kutoka mbali. Wanawake wa kanisa lao walikuwa na mnyororo huo wa maombi: kila mmoja na saa yake ya kuomba, simu hadi simu, mchana kutwa, na asiye na zamu husikiliza kwa sikio moja huku akifanya kazi zake. Juma lile walikuwa wakimwombea kaka yake Maman Yvette, aliyefariki Uvira na matanga yake yalikuwa bado. "Halafu nikaosha vyombo. Halafu nikaanika mashuka."

Akaichukua pasi tena. Muda ukaisha, ukapita, shati la pili likakunjwa. Simu haikulia. Omollo aliichukua akaurudisha ule ukurasa mbele. Namba ilikuwa palepale walipoiacha. Mbele ya macho yake ikaanza kupungua tena, taratibu, kama mtu aliyeamka usingizini na kuendelea na sentensi yake.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Programu kama ile haisimami kuingoja saa, kwa sababu ikisimama, ukurasa wote unaganda. Inakiambia kivinjari: mimi naendelea na mengine, wakati ukifika niite. Halafu inaamini itaitwa. Lakini vivinjari havifanani. Kimoja huita kwa wakati hata ukurasa ukiwa umefichika. Kingine huchelewa kuita ili kuokoa betri. Na kingine, ukurasa ukishafunikwa na kitu kingine, huulaza kabisa mpaka mwenye simu aufungue. Omollo alikuwa ameiandika kengele yake ihesabu kila mwito kuwa ni dakika moja imepita. Miito isipokuja, dakika hazipungui. Hakuiagiza, ikiamka, itazame saa halisi ijue imelala muda gani.

Na haikuwa kwamba hakuijaribu. Aliijaribu kwenye simu hiihii, kwenye meza ya jikoni, yeye na mkewe wameketi mbele yake na chai, wakiitazama kama mgeni. Ilipolia walipiga makofi. Akaandika kwamba kazi imekamilika. Na huku kila siku ndani ya nyumba yake alikuwa akizisikia sauti za chaîne kutoka jikoni, bafuni, kwenye kamba ya nguo. Aliijua simu ya mkewe haijawahi kutulia kwenye ukurasa mmoja tangu aipate. Aliijaribu kama simu ya mtu asiye na jamaa.

"Imefanya nini?" akauliza Généreuse.

Omollo aliufunga ukurasa, akamrudishia simu.

"Ni network," akasema.

"Njo vile," akajibu mkewe, akageuza shati la tatu.

* * *

Wanawake wa kanisa walikuja Jumamosi mchana, wanne, na sufuria zao zimefungwa kwa vitenge. Mmoja alileta fumbwa, mboga ya majani ya kwao. Mwingine, aliyejua kwamba Belyse hali fumbwa, alimletea kuku peke yake kwenye kibakuli chenye kifuniko, akamwitia pembeni ampe asione haya mbele ya watu. Omollo alitoa viti vya plastiki nyuma ya nyumba, akavifuta vumbi kimoja kimoja.

"Shemeji," akasema Ketsia, mhudumu mwenzake Généreuse, mdogo wao kwa umri na mwepesi wa maneno, "kengele yako inalia kwa Chebet, inalia kwangu, kwa bibi yako inanyamaza? Mumegombana?"

Wanawake wakacheka. Généreuse naye akacheka, kwa mara ya kwanza juma lile. Omollo akacheka pia, kitambaa cha vumbi mkononi.

"Tumegombana kidogo," akasema.

Walikula. Waliimba wimbo mmoja. Kisha Maman Yvette, ambaye ndiye aliyekuwa na msiba, mwanamke mpana, mtaratibu, aliweka sahani yake chini ya kiti.

"Mama Belyse, nikuulize. Ile saa mama yule anaanguka, ulikuwa kwenye chaîne?"

"Nilikuwa, Maman."

"Ilikuwa saa ya nani kuomba?"

Généreuse alitazama mikono yake. "Yako."

Treni ilipita nyuma ya nyumba za majirani na wote wakaingoja ipite.

"Basi tutaifunga," akasema Maman Yvette. "Watu wakiwa kazini tusiwaite. Mimi nilikuwa nalia tu mule ndani. Nilikuwa nalia kwa nguvu. Nani atasikia kengele na mimi nalia hivyo kwenye sikio yake?"

"Hapana, Maman. Si wewe."

"Ni mimi na ni wewe. Tuseme ukweli."

"Njo nitasema," akajibu Généreuse. "Kwenye kikao nitawaambia hivyo. Nilikuwa nasikiliza maombi, sikusikia kengele, mama wa watu akavunjika. Waandike vile. Nimechoka kuwaza."

Omollo alikuwa mlangoni na birika la chai. Aliielewa sentensi hiyo kuliko wote waliokaa pale. Mkewe akiisema mbele ya ofisi ile, jina lake litawekwa pamoja na majina ya watu waliomwacha mgonjwa, na hakuna nyumba ya mzee yeyote itakayomfungulia mlango tena. Na kazi hiyo ndiyo pekee ambayo Généreuse, tangu afike nchi hii, aliifanya akiwa anaimba.

Akawamiminia chai. Kwa Maman Yvette alitia sukari zaidi, kwa sababu alikumbuka anavyopenda.

* * *

Jumatatu Omollo alimwambia bosi wake kuhusu kosa la kengele.

Craig hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemtoa Omollo kwenye maghala ya Port Botany, alikokuwa akifungua makontena na shahada yake ya chuo kikuu iko kwenye bahasha chini ya kitanda, akamwambia njoo tukujaribu. Aliikumbuka siku ya kuzaliwa ya Belyse. Sasa alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Good catch, mate. Unaweza kuirekebisha lini?"

"Leo."

"Basi irekebishe, Ijumaa tuitoe pamoja na mengine."

"Kuna mhudumu amesimamishwa kazi kwa sababu yake."

Craig alitazama nje ya dirisha. "Hilo ni la kwao. Tukiandika barua kwamba kosa ni letu, wanasheria watatutafuna, na sisi hapa ni watu watano. Mkataba wako unaisha mwezi wa sita, sivyo? Nataka kuuongeza. Nataka sote tuwepo mwezi wa sita."

Alisema hivyo kwa upole, akampiga bega. Omollo hakumwambia mhudumu huyo ni nani.

Marekebisho yalimchukua asubuhi moja. Aliuandika ukurasa upya, ukiamka tu uitazame saa halisi, usihesabu tena miito. Na kengele yenyewe akaihamishia kwenye kompyuta ya kampuni, iwe ndiyo inayoipigia simu kutoka nje, simu iwe imelala au iko macho. Aliijaribu kwenye kila simu aliyoipata ofisini, kila kivinjari, ukurasa ukiwa mbele, ukiwa nyuma, na mtu akiongea na simu. Zote zililia. Ijumaa ikatoka, na tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyecheleweshewa dawa na kengele ile. Omollo alirudi nyumbani akamkuta mkewe anamsuka Belyse. Akala, akaosha sahani.

* * *

Kikao kiliwekwa Campbelltown, kwenye ofisi kuu, safari ndefu ya treni. Généreuse aliruhusiwa kuja na msindikizaji. Walimweleza Omollo pale mlangoni kwamba msindikizaji yupo kwa ajili ya kumtia moyo, haruhusiwi kujibu kwa niaba yake.

Walikuwa watu watatu upande wa pili wa meza: meneja, ambaye ni mwanamke wa makamo na ndiye aliyewakaribisha maji, mwanamume wa mambo ya wafanyakazi, na Waceke, ambaye hakuweza kumtazama Généreuse usoni na badala yake akamsogezea sanduku la karatasi laini kabla mtu hajalia. Mfuko wa mashati aliyoyarudisha Généreuse ulikuwa sakafuni miguuni pa Waceke.

Meneja alimwomba Généreuse aeleze siku ile kwa maneno yake mwenyewe.

Généreuse aliijua hotuba yake. Aliirudia kwenye treni, midomo ikicheza, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "I was listening to prayer," akaanza. "In my ear. So I did not—"

"Samahani," akasema Omollo.

"Sir, uko hapa kama msindikizaji," akasema meneja.

"I know. Lakini mimi ndiye niliyeiandika ile kengele."

Généreuse aligeuka akamtazama.

Omollo alitoa kompyuta yake. Kengele ya zamani alikuwa bado anayo humo, akawapa anwani ya ukurasa wake. Aliwaomba wale watatu, tafadhali, kila mmoja aifungue kwenye simu yake, aipangie muda mfupi kabisa, kisha afanye jambo ambalo angelifanya siku yoyote: asome ujumbe, aangalie picha, lolote. Mwanamume wa mambo ya wafanyakazi alisema huu si utaratibu. Meneja alikuwa tayari ameshika simu yake.

Wakainama, kila mmoja kwenye simu yake, kama watu kwenye kituo cha basi. Ya meneja ililia. Akatikisa kichwa kana kwamba jambo limeisha. Wakangoja. Ya yule mwanamume ililia baadaye sana, walipokuwa wameanza kutazamana, na yeye mwenyewe akashtuka. Ya Waceke haikulia. Waceke aliurudisha ukurasa mbele, akautazama, akaigeuza simu kuwaonyesha. Namba ilikuwa palepale alipoiacha. Kisha ikaanza kupungua.

"Ngai, Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo, akisahau yuko na nani. "Na ni mimi nilikuwa nawaambia wasipatie mtu dawa mpaka ilie."

"Yake ilikuwa kama hiyo," akasema Omollo. "Aliiangalia mara mbili, ikamdanganya mara mbili. Kosa ni la mimi niliyeiandika. Imesharekebishwa tangu Ijumaa iliyopita. Aliyebaki kubebeshwa kosa ni yeye peke yake."

Meneja aliuliza maswali. Mwanamume yule aliandika. Waliombwa watoke nje kidogo, wakakaa kwenye viti vya korido, na mwanamke wa mapokezi, ambaye hakujua lolote, akawawashia feni kwa kuwa aliona wanatoka jasho. Walipoitwa tena, meneja alisema Généreuse hana kosa, kwamba wataandika hivyo, kwamba kazi yake ipo. Alisema samahani. Aliisema vizuri.

Waceke aliwafuata mpaka kwenye lifti na ule mfuko wa plastiki.

"Shati zako," akasema. "Hakuna mtu alizigusa."

Zilikuwa bado na mikunjo ya pasi ya nyumbani.

* * *

Kwenye treni walikaa wakitazama mbele. Macquarie Fields ilipita. Wanafunzi walipanda na makelele yao, wakashuka Glenfield.

"Ulijua lini?" akauliza Généreuse.

"Siku uliyopiga pasi."

"Ukasema network."

"Nikasema network."

"Na Maman Yvette alipokuja? Alipokuwa nasema ni kilio yake? Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukamuwekea sukari."

Treni ikaenda. Mtu aliyekaa mbele yao alisinzia, kichwa kikigonga dirisha, na Généreuse alikitazama kichwa kile kwa muda mrefu.

"Mimi nilikuwa naomba Mungu anisamehe," akasema. "Kila asubuhi. Na wewe uko pale kando yangu, macho wazi, unanisikia."

"Nilikuwa naogopa."

"Najua."

Baada ya vituo viwili vitatu alifungua mkoba wake akatoa mandazi aliyoyafunga asubuhi, kwa kuwa hakujua kikao kingechukua muda gani. Aligawa. Kubwa akampa yeye.

"Kula. Hukula asubuhi."

Hakumtazama alipokuwa akimpa. Omollo alilishika lile andazi kwa mikono miwili, kama mtoto, akala.

* * *

Mkataba wa Omollo haukuongezwa. Craig alimpa mkono, akamwambia hana kinyongo, na huenda alisema kweli. Kabla ya mwezi wa sita kwisha Omollo alikuwa tena Port Botany, na fulana ya kung'aa, akifungua makontena ya viti na mashine za kufulia. Meza ya pasi ilibaki tupu kando ya dirisha. Alimpigia simu Maman Yvette mwenyewe, akamweleza yote, na Maman Yvette akamsikiliza, akamuuliza kama sasa mgongo haumuumi na yale makontena. Chaîne haikufungwa.

Généreuse alikaa majuma kadhaa kabla ya kwenda kumwona Maureen. Mama huyo alikuwa amehamishiwa hospitali ya mazoezi ya viungo, na si lazima mhudumu aende huko, hakuna anayemlipa. Siku moja ya mapumziko alipita kwanza nyumbani kwa mama yule, akamwomba jirani amruhusu achume ndimu kwenye mti wa nyuma ya nyumba. Kila Ijumaa Maureen alikuwa akimfungia za kwenda nazo kwake. Akachuma chache zilizoiva.

Maureen alikuwa kitini karibu na dirisha, amekuwa mdogo. Alimtambua upesi. Alizinusa ndimu. Aliuliza habari za Belyse, kama bado anachora farasi. Habari ya kuanguka hakuitaja, wala Généreuse hakupata Kiingereza cha kuitaja. Alichana nywele za mama yule kwa kuwa upande mmoja ulikuwa umesahauliwa.

"Darling," akasema Maureen baada ya muda, "isn't it time?"

Mkono wa Généreuse ulikwenda wenyewe kwenye mkoba, kwenye simu. Ukasimama hapo. Aliutoa mtupu, akaushika mkono wa Maureen, akajaribu kuukunja taratibu kwenye kifundo. Ulikuwa umekaza.

"Yes, mama," akasema. "It is time."

Alitoka kwenye korido akamkuta muuguzi mbele ya kompyuta, msichana mwenye macho ya kuchoka, akamweleza. Msichana aliangalia.

"Skrini inasema bado," akajibu kwa Kiingereza, bila ubaya. "Bado kidogo. Nitakuja."

"She says it is time," akasema Généreuse.

"I know, but—"

Généreuse hakubishana. Alisimama pale mbele ya meza, mkoba begani, mikono yake miwili ikiwa juu ya meza, akangoja, mpaka yule msichana alipomtazama vizuri usoni, akasukuma kiti nyuma, akainuka.